Bikoni Ndani ya Ziwa

Katika ua mmoja wa Tunduma, chini ya mkaratusi, kuna mtumbwi wa mbao uliolazwa kifudifudi. Vijana wa bodaboda huukalia wakisubiri abiria. Ubao wa mbele umepasuka, na rangi yake ya buluu imebaki mabakamabaka ubavuni. Ziwa haliko karibu, hata kidimbwi hakuna. Huku ni juu, kwenye baridi ya mpakani, malori yamepanga foleni kuelekea Nakonde na vumbi lake limejaa kwenye nyufa za mtumbwi. Mtoto akiuliza kitu hicho kilifikaje, vijana humjibu, "Kilikuja na Fuso." Ni jibu la kweli, ila limekiacha nje kisa chote.

Kisa chenyewe ndicho ninachosimulia. Watu wake nimewabuni, na kijiji chao nimekinyima jina, basi msomaji asijisumbue kuwatafuta. Ziwa lao sikulibuni, wala miaka yake, wala tabia zake.

Tunduma huishi kwa mpaka. Kila mchuuzi wake anajua hatua ipi ni Tanzania na ipi ni Zambia, na meza ikisogezwa kidogo tu shilingi hugeuka kwacha. Mwaka 2019 marais wa nchi mbili walikuja wenyewe kufungua kituo cha pamoja cha kuvushia watu na mizigo. Wakapiga picha, wakaondoka, na mstari wa mpaka haukusogea hata unywele. Lakini ukishuka kutoka nyanda za juu za Mbozi kuelekea Kamsamba au Ivuna, mpaka joto la bonde likupokee usoni kama mvuke wa sufuria, unaingia nchi ambayo mpaka wake hautulii. Umefika mwambao wa Ziwa Rukwa.

Rukwa ni ziwa lisilo na mlango wa kutokea. Momba huingia, Songwe huingia, Rungwa na Kavuu huingia kwa upande wao, na hakuna hata mto mmoja unaotoka. Maji yakishaingia, njia yake ya kuondoka ni jua. Tena ziwa hili limekaa juu ya bonde tambarare kama sinia, na mahali pengi pondo la mvuvi hugusa tope bila shida. Mvua ikizidi kidogo, maji hutanuka pembeni yakameza nyika. Kiangazi kikizidi kidogo, maji hukimbia kilomita nzima na kuacha mitumbwi imekaa mchangani. Mwaka 1929 ziwa lilikuwa na urefu wa kilomita 50 hivi. Miaka kumi baadaye, 1939, urefu ulifika kilomita 128 na upana kilomita 40. Mtoto aliyezaliwa ufukweni mwaka ule wa ukame, kabla hajabalehe, mahali kilipozikwa kitovu chake palikuwa pa kupita mamba. Maelfu ya miaka kabla ya hapo ziwa hili lilijaa mpaka likamwagikia Ziwa Tanganyika. Mskoti Joseph Thomson alipolitazama mwaka 1880 aliliita Ziwa Leopold, na jina hilo nalo halikukaa.

Mkoa wenyewe wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, umebeba jina la mto usiotulia. Mito iitwayo Songwe ni miwili. Mmoja humwaga maji Rukwa. Wa pili hushuka kupitia Ileje na Kyela hadi Ziwa Nyasa, nao ndio mpaka wetu na Malawi. Huo wa pili ukifurika hubadili mkondo, na mkulima aliyelala shamba lake likiwa Tanzania huamka akiliona liko ng'ambo. Serikali mbili zimelazimika kuunda kamisheni ya pamoja ya bonde la mto huo, kwa sababu mpaka uliochorwa kwa maji haukubali kukaa kwenye karatasi.

Sasa tuje kwa watu.

*

Mwaka kisa chetu kilipoanza, Rukwa lilikuwa limerudi nyuma misimu mitatu mfululizo. Palipokuwa na maji paliota majani, na ng'ombe wakaingia kulisha. Kijijini aliishi mzee mmoja aliyejulikana kwa migono yake, ile mitego ya kusuka kwa fito ambayo kambale huingia kwa kichwa na kushindwa kutoka. Mzee huyu hakuwa na kazi moja. Alikuwa na nyavu chache za makila, zile za kutega, alikuwa na kishamba cha mpunga mahali palipobaki unyevu, na mkewe alichemsha chumvi kiangazi. Chumvi ya Ivuna si jambo la jana. Wanaakiolojia waliochimba huko miaka ya 1960 walikuta kwamba watu wa hapo wamekuwa wakiipika tangu karne ya 13. Nyumba ya mzee ilikuwa ya miti na udongo, bati zake zimefungwa kwa waya. Wageni waliona ni umaskini.

Siku moja akaja mwanamume wa miaka thelathini na kitu kutoka huku barabarani, na mitumbwi sita ya mbao juu ya malori mawili. Wavuvi wakamwita Tajiri. Huko kwenye kambi za uvuvi mwenye mitumbwi ya kuajiri watu huitwa hivyo, hata kama kila msumari wa mitumbwi hiyo ni wa mkopo. Tajiri akaangalia uwanda ule mpya, mpana, mtambarare, karibu na maji, akaona kiwanja. Akaleta tofali za kuchoma na saruji. Akaweka alama nne za zege kwenye pembe, zenye namba juu yake, kama zile anazoweka mpimaji mjini.

Mzee akapita na mgono begani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Unajenga?"

"Najenga mzee. Duka, stoo ya samaki, na vyumba vitatu vya vijana wangu."

"Na hivi vijiwe?"

"Bikoni mzee. Mtu asije akaniingilia mpaka."

Mzee akaitazama ile ya karibu, akaigusa kwa kidole cha mguu. "Hapo ulipochimba msingi mimi nilitega migono. Kambale wa hapo walikuwa na ndevu kuliko mimi."

Tajiri akacheka kwa heshima. "Hiyo zamani mzee."

"Si zamani sana. Binti yangu wa mwisho alikuwa bado ananyonya."

"Na sasa yuko wapi?"

"Ndiye aliyekuuzia chapati asubuhi."

Tajiri akacheka tena, akamwomba mzee amwelekeze wanapopatikana mafundi wa kuezeka.

*

Nyuma ya Tajiri alikuwapo mama mmoja wa Tunduma, na tusimfanye mtu mbaya. Alikuwa na meza ya samaki wakavu, wateja wa Zambia na wengine waliotoka mbali zaidi, upande wa Kongo, na daftari nene. Yeye ndiye aliyenunua mitumbwi ile. Makubaliano yalikuwa ya kawaida kabisa kwenye mialo yetu: mimi nakupa mtaji, wewe unaniletea samaki wote, kwa bei nitakayokupangia, mpaka deni liishe. Lakini mama naye alikuwa na mtu nyuma yake. Pesa ya mitumbwi miwili ya mwisho aliikopa kwa wale wakopeshaji wa mitaani ambao watu wameipa mikopo yao jina la kausha damu. Rejesho lilikuwa la kila wiki.

Msomaji aikumbuke wiki hiyo. Ziwa lina kalenda yake, ya masika na kiangazi, na ndani ya kalenda hiyo kuna nyingine ndefu ya miaka kumi, ishirini. Samaki wana kalenda yao ya kutaga. Halafu kwenye mwalo ule ikaingia kalenda ya tatu, inayofika kila Ijumaa.

Mwaka wa kwanza kila mtu alimsifu Tajiri. Samaki walipatikana kuliko miaka yote. Nyavu zilitoka nzito, vichanja vya kubanikia vikaongezwa, matenga yakapanda Fuso mara mbili kwa wiki. Vijana wakasema ziwa limebarikiwa. Kumbe ilikuwa hesabu ya sinia ile ile: maji yakipungua, samaki waliokuwa wametawanyika eneo kubwa husongamana eneo dogo. Wavu hauoni kwamba ziwa limepungua, unaona samaki wengi. Ni kama mtu anayehesabu wali wake kwa kijiko badala ya sufuria. Kijiko kinajaa kila akichota, mpaka kinapokwangua chini.

Ziwa linaposinyaa, magadi yake hukolea, maji hupata joto haraka, na mamba na viboko husongamana na watu kwenye madimbwi yaliyobaki. Nyika iliyoachwa huota nyasi ndefu, na nyanda za Rukwa ni mojawapo ya mazalio makuu ya nzige wekundu, wale ambao wimbi lao la kuanzia 1930 hadi 1944 lilienea sehemu kubwa ya kusini mwa Afrika. Ziwa likirudi nyuma linaacha ardhi, na ardhi hiyo ina mambo yake.

Mwaka wa pili kijiko kikaanza kukwangua. Gege waliotoka kiganja kizima wakawa vidole vitatu. Rejesho la Ijumaa halikupungua. Tajiri akampigia mama simu.

"Dada, naomba unipe mwezi mmoja. Ziwa limelegea."

"Mdogo wangu, ningekupa hata miwili. Lakini mimi nikilala na Ijumaa, Jumamosi wanakuja kubeba meza."

Basi Tajiri akaacha nyavu za makila, akaleta makokoro. Kokoro ni wavu mrefu wa macho madogo, unaozungushwa na kuvutwa mpaka nchi kavu, nao hukumba kila kilichomo: mkubwa, mdogo, yai na nyasi. Ni haramu kisheria. Kwa Rukwa ni haramu mara mbili, kwa sababu gege wa Rukwa hutengeneza kiota kwenye maji ya kina kifupi, na jike hubeba mayai na watoto wake mdomoni mpaka waweze kujitegemea. Anayevuta kokoro ufukweni wakati wa kutaga humkamata mama mmoja, na ndani ya mdomo wake amekamata samaki wa mwaka kesho.

Kijiji kilikuwa na kikundi chake cha kusimamia mwalo, kile ambacho wavuvi wote nchini hukiita BMU, na ambacho Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inakitambua. Kikundi kikaitisha mkutano. Hoja ilikuwa moja: mvua zikianza, mdomo wa mto ufungwe, pasivuliwe mpaka kambale wapande kutaga kwenye majani yaliyofurika na gege walee. Mzee wa migono akaunga mkono. Tajiri akasimama, akasema kwa upole kwamba yeye anaheshimu wazee, ila vijana wana familia, na nani atawalisha hiyo miezi? Ikapigwa kura ya mikono. Tajiri akashinda, na hakumhonga mtu. Nusu ya mikono iliyonyooshwa ilikuwa na deni dukani kwake: unga, sukari, vocha, dawa ya mtoto. Alikuwa amefungwa na mama, mama amefungwa na wale wa Ijumaa, na yeye amewafunga wavuvi. Kamba moja ilitoka Tunduma mpaka ndani ya mdomo wa gege.

*

Ningependa kusema mzee alijua maji yatarudi lini. Visa vya namna hii hupenda kuwa na mzee anayesoma ndege na upepo, kisha mambo yakawa kama alivyosema. Mzee wetu hakujua. Mwaka ule alipanda mpunga mapema, mvua zikachelewa, mbegu ikaoza. Alipanda tena, zikaja zote kwa wiki mbili, zikaubeba. Jioni moja alimwambia mkewe neno ambalo nadhani ndilo ripoti fupi kuliko zote kuhusu mabadiliko ya tabianchi: "Zamani ziwa lilikuwa linaaga kabla ya kuondoka, na linabisha hodi kabla ya kuingia. Siku hizi halina adabu."

Rukwa limehamahama siku zote, na hilo halikuanzishwa na moshi wa viwanda vya mtu yeyote. Kilichobadilika ni kusomeka kwake. Joto likizidi, ziwa ambalo njia yake ya kutokea ni jua hupoteza maji zaidi. Mvua zikija kwa kukusanyika, mito huleta kwa siku chache maji yaliyokuwa yakija kwa miezi. Na mito hiyo haileti maji matupu. Milima iliyonyolewa miti kwa mashamba na mkaa, machimbo ya dhahabu ya Lupa na kwingineko, kingo zilizolimwa mpaka ukingoni, vyote hupeleka tope bondeni, na sinia inazidi kuwa bapa. Momba wenyewe una maji yatokayo Zambia, ambako huitwa Saisi. Kwa hiyo mti uliokatwa karibu na Mbala unaweza kumaliza safari yake kama tope chini ya mtumbwi wa Kamsamba, na hakuna kituo cha forodha kilichouona ukivuka.

Masika ya mwaka wa nne yakaja makubwa. Watu wa mjini hudhani mafuriko ya ziwa ni wimbi. Rukwa halikuja kwa wimbi. Lilikuja kwa unyevu. Asubuhi moja sakafu ya duka la Tajiri ilikuwa na jasho. Baada ya siku tatu tofali za chini zikabadilika rangi. Wiki iliyofuata choo kilijaa bila kutumiwa. Halafu, usiku, yale majani ya kuchungia ng'ombe yakaanza kutoa sauti ya vyura.

Mzee na mkewe walihama kwa siku moja na nusu. Walifungua waya, wakashusha bati, wakang'oa mlango na fremu yake, wakapakia nyavu, mbegu, sufuria za chumvi na kuku, wakapanda hadi kwenye mwinuko ambako mwana wao mkubwa alikuwa ameshalima kwa miaka miwili. Kuta za udongo waliziachia maji. Udongo ulitoka hapo, ukarudi hapo.

Tajiri hakuweza kuhama. Tofali haifunguliwi waya. Stoo ilikuwa na samaki wa mama, duka lilikuwa na madeni ya watu yaliyoandikwa kwenye daftari ambalo lisingekuwa na maana siku wadeni wakitawanyika. Akajenga tuta la viroba vya mchanga. Akawaambia vijana wake wabaki, atawaongezea. Wakabaki, katika vyumba vile vitatu, vyoo vikiwa vimeungana na maji ya kunywa. Kipindupindu hakikuhitaji mwaliko. Wanne waliugua, na mmoja, kijana aliyetoka mbali akiwa hana ndugu kijijini, akafia ndani ya mtumbwi akipelekwa zahanati. Mtumbwi huo ni ule wa buluu.

Watu wengi wakisimulia habari kama hizi huishia hapo, kwenye maji na msiba. Lakini hasara kubwa ya Tajiri ilikuwa bado.

Maji yaliyovunja duka lake ndiyo yaliyorudisha samaki. Nyika iliyofurika ikawa malisho na maficho. Kambale waliobaki wakapanda kwenye majani kutaga, gege wachache waliosalimika na makokoro wakapata ufukwe mpya wa kujenga viota. Hicho ndicho ziwa kama Rukwa linachofanya likipanda: linalipa. Msimu mmoja ulipita, na wa pili ulipoingia, wenye nyavu za macho makubwa wakaanza kutoka na samaki wa kiganja kizima. Mzee wa migono alipata kambale mmoja aliyemshinda kubeba, akaita wajukuu.

Tajiri aliyaona hayo akiwa hana hata ubao. Mama wa Tunduma alikuwa ameshabebewa meza. Ili aokoe nyumba, aliwatuma watu wachukue mitumbwi. Miwili iliuzwa njiani, mitatu ikauzwa kwa bei ya kuni. Wa buluu ulifika Tunduma ukiwa umepasuka, na mteja hakupatikana. Yeye na Tajiri hawakugombana. Walikaa siku moja juu ya mtumbwi huo, chini ya mkaratusi, wakapiga hesabu upya, wakakuta kwamba kama wangeweza kungoja miezi kumi na minne wangekuwa wamelipa kila kitu.

*

Funzo la kisa hiki wengi watalisema haraka: asijenge mtu kwenye njia ya maji. Ni kweli, nalo ni dogo. Tajiri hakuangushwa na maji, maana maji yalimfika mzee vilevile, yakambebea kuta na mpunga. Tofauti yao ni kwamba mmoja aliweza kuhama na kungoja, mwingine hakuweza lolote kati ya hayo mawili. Tofali zilimnyima kuhama. Ijumaa ilimnyima kungoja. Wahenga walisema dawa ya deni kulipa, lakini hawakusema kulipa lini, na kwa mvuvi hiyo "lini" ndiyo kila kitu.

Kwa hiyo mtu anayetaka kuwasaidia wavuvi wa Rukwa kukabili tabianchi aanze na daftari la mkopo kabla hajaleta mche au boti. Vikundi vya kuweka na kukopa vipo karibu kila kijiji. Viweke marejesho makubwa miezi ya samaki, madogo au hakuna kabisa miezi ya kutaga. Wanunuzi wa mjini, ambao ndio benki halisi ya mialo, wajue kwamba wanaponunua kwa mkopo wa wiki wananunua samaki ambaye bado yumo mdomoni mwa mama yake. Na BMU isikubali kura ya mkono wa mdaiwa mbele ya mdai wake. Kura ya siri haina gharama zaidi ya karatasi na kopo.

Kufunga maji kwa muda si ndoto ya mezani. Tanzania ilifunga uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, ili samaki wapumue. Huko Kisiwa Panza, Pemba, ambako maji ya chumvi yameingia mpaka kwenye mashamba ya mpunga, wavuvi wamejifunza kufunga sehemu ya mwamba kwa miezi kadhaa ili pweza wakue, kisha kuifungua kwa pamoja. Palipo na kufunga kuna njaa ya kungoja, na mwenye akiba au kazi ya pili ndiye anayeweza kuivumilia. Ndiyo maana chumvi ya mke wa mzee ilikuwa sehemu ya uvuvi, ingawa haikuwahi kuingia kwenye mtumbwi.

Kuna ndugu wa Rukwa upande wa kusini anayepaswa kutazamwa. Ziwa Chilwa la Malawi nalo halina mto wa kutokea, nalo lina kina kifupi, na mwaka 1995 lilikauka kabisa. Watu walitembea katikati yake. Maji yaliporudi, samaki walirudi katika miaka michache, kwa kuwa kambale na wenzao walikuwa wamejificha kwenye vinamasi na mito iliyobaki. Mdomo wa mto ndiyo ghala la mbegu. Kijiji kinachouvua mpaka mwisho siku za shida kimekula mbegu kabla ya mvua.

Na kujenga? Watu wajenge. Mwalo unahitaji stoo, vichanja, vyoo na zahanati. Ila ya kudumu yakae kwenye mwinuko, hata kama ni mbali na maji, na ya ufukweni yawe ya kufunguliwa waya. Zege likae juu, kamba zikae chini. Serikali ya kijiji inayogawa viwanja kwenye nyika iliyoachwa na ziwa iulize kwanza swali moja kwa mama yeyote anayeuza chapati: ulipokuwa unanyonya, maji yalifika wapi?

Tajiri sasa anafanya kazi ya kupakia malori Tunduma. Mara moja moja hushuka bondeni kununua samaki, kwa pesa taslimu, kidogo kidogo. Safari ya mwisho alimkuta mzee kwenye ufukwe mpya.

"Shikamoo mzee. Kiwanja changu kiko wapi?"

Mzee akamnyooshea kidole majini, mbali kidogo, ambako kipande cha zege chenye namba kilikuwa kimechomoza, na mitumbwi miwili imefungwa kwake isichukuliwe na upepo.

"Kile pale. Ulikiweka imara mwanangu. Tunakitumia."